Chupa Niliyompa Baba Yako

Nekesa mwanangu,

Mambo ya blanketi, dawa za malaria na mahali pa kuficha nauli sitayaandika hapa. Kukhu yako amekupa maagizo hayo kwa simu wiki nzima, kama nyanya yeyote, na kama kuna alilosahau atapiga tena kabla hujafika Isiolo. Mimi nina jambo moja tu. Kwa vile ni mwoga nimelingojesha mpaka leo Jumamosi, na kesho kanisa linakuombea na gari la misheni linakuchukua kwenda Marsabit. Saa hii umeenda kuwaaga walimu wenzako. Nimekaa jikoni na karatasi ulizobakisha za mtihani wa watoto, naandika mbio kabla sijabadilisha nia. Kitengela nzima inajua mdomo wangu haukosi neno, lakini hili nimejaribu kukuambia uso kwa uso, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Alhamisi ulinisomea ushuhuda utakaoutoa kesho. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Ulisimama hapo mlangoni na karatasi yako, ukasoma kwa ile sauti yako ya darasani: "Nililelewa na baba mlevi, lakini mama yangu alimwombea mpaka Bwana akamfungua, na mimi nikajifunza kumsamehe." Halafu ukauliza, "Mum, iko sawa? Ama ni ndefu sana?" Nikakuambia iko sawa. Baba yako alikuwa sebuleni anasikiliza habari, na ukuta wetu unaujua. Nilimsikia akiongeza sauti ya redio, ili sisi tusijue kwamba ametusikia. Ndivyo alivyo. Hata aibu yake huificha ili isikusumbue wewe.

Nekesa, baba yako hajawahi kunywa pombe. Sisemi aliacha, nasema hajawahi. Kwao Bungoma, ambako watoto huramba mrija wa busaa mazishini na wazee wakacheka, yeye alikuwa akikimbia harufu yake. Yule mlevi uliyemsamehe hakuzaliwa na mtu. Nilimtengeneza mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimeshika maiki, na nilimtengeneza vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona.

Ulikuwa na miaka minne. Kitengela haikuwa hii ya maghorofa na benki. Wenyeji wengi bado walisema Noonkopir, na asubuhi ungeweza kuwakuta punda milia wanavuka barabara bila haraka. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya maduka. Baba yako alikuwa kwenye kiwanda cha simiti kule Athi River, upande wa kupakia magunia, shifti ya usiku. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka, nashona yunifomu za shule, na sijisifu nikisema wazazi walikuwa wakipanga foleni Januari. Kanisani yeye alikuwa mzee na mweka hazina. Mtu wa maneno machache, anafua nguo zake mwenyewe, anarudi kazini asubuhi akikuletea mandazi. Wenzangu waliniambia nimebahatika. Nami nilikuwa nimeanza kumchoka. Ndiyo, andika hivyo kichwani mwako, mama yako alichoka na mtu mzuri kwa sababu uzuri wake haukuwa na kelele.

Ndipo wakaja wale wanawake wa uinjilisti na hema lao, wakalipiga karibu na stendi. Kiongozi wao alikuwa Dada Priska, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nilienda jioni ya kwanza kwa udaku tu. Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa maana watu wangependa nikane: niliitwa. Nilikuwa nashona pindo la sketi, mguu ukasimama juu ya pedali, na nikajua kwamba nisipoondoka nitazeeka nikiwa bado nashona pindo lile. Labda alikuwa Mungu. Labda nilikuwa mimi. Labda walikuwa wote wawili wakizungumza kwa wakati mmoja, na mimi sikuwa na sikio la kuwatenganisha. Mpaka leo sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Nilimwambia baba yako akila kabla ya shifti. Aliuliza, "Ni kwa muda gani?" Nikasema Bwana hajaniambia. Akauliza, "Na Nekesa?" Nikamjibu kwamba hata Ibrahimu alitoka kwao bila kujua aendako. Alitafuna, akameza, akasema, "Lakini Ibrahimu alihama na bibi yake." Kisha akachukua kofia yake akaenda kazini. Hakunikataza. Afadhali angenikataza, angenipiga makelele, angalau ningekuwa na kitu cha kusimulia huko mbele. Nilikuacha umelala. Cherehani niliifunika kwa kanga, na kukhu, mama yake, akatoka Bungoma kuja kukulea.

Tulianzia Kajiado. Tulilala kwenye hema, tukapika kwa mawe matatu, mchana tunatembea kwenye manyatta na siku za soko tunahubiri mjini. Sikujua Kimaasai zaidi ya salamu, kwa hiyo dada mmoja mwenyeji, Naserian, alikuwa akinitafsiria. Mara ya kwanza nilipopewa nafasi ya kushuhudia, nilisema ukweli. Nilisema niliacha cherehani, niliacha bwana mzuri anayenipenda, niliacha mtoto mdogo, nikamfuata Yesu. Nilingoja waseme amina. Hakuna aliyesema. Akina mama wa Kimaasai waliokaa chini walitazamana. Kokoo mmoja, nyanya mzee kati yao, akasema kitu, wenzake wakaguna. Nikamuuliza Naserian amesema nini. Naserian hakutaka, nikamlazimisha.

"Anauliza," akasema, "kama huyo mzee yako hana makosa, sasa mwenye makosa ni nani?"

Nilianzisha wimbo, Nekesa. Na leo ndiyo najua kwamba lile ndilo lilikuwa swali la pekee la maana nililoulizwa katika utumishi wangu wote. Kama ningelijibu siku ile ningerudi nyumbani ungali unanikumbuka. Lakini jioni Dada Priska aliniita kando, akanipa somo lake. "Dada, ushuhuda wako hauna moto," akasema. "Watu wa Mungu hutoka Misri. Sasa wewe, Misri yako iko wapi?"

Wiki iliyofuata tulikuwa Kiserian, siku ya soko. Nilipanda juu ya kreti nikasema: "Bwana yangu alikuwa anarudi asubuhi, macho mekundu kama pilipili, anapepesuka mpaka anashika ukuta." Kila neno hapo ni kweli. Mtu aliyepakia simiti usiku kucha ana macho mekundu, na usingizi ukimzidi hushika ukuta. Wewe mwenyewe unayakumbuka macho hayo, na kulala kwake mchana, na kuambiwa usipige kelele. Sikutaja pombe. Niliishia hapo nikanyamaza kidogo, na umati ukamalizia wenyewe. Mama mmoja akalia "Uuuwi, pole!" na nikasikia kitu kifuani ambacho sijawahi kukisikia kwenye cherehani. Waliokuwa wakipita walisimama. Nilikuwa nimepata Misri yangu.

Baada ya hapo sikuuachia umati kazi tena. Nikamwekea chupa mkononi. Kisha nikamfanya auze kitanda. Kisha nikamfanya achukue sahani zangu za harusi, zile nyeupe zenye ua la buluu, azivunje ukutani moja moja huku wewe unalia. Sahani hizo ndizo ulizolia chakula jana. Hakuna hata moja iliyowahi kuvunjwa, na wakati nilipokuwa nazivunja kwenye maiki, yeye alikuwa akiziosha Kitengela baada ya kukulisha. Nilijua mahali pa kushusha sauti na mahali pa kulia. Kule Loitokitok mwanamume mmoja alipasua chupa yake ya chang'aa mbele ya miguu yangu, akaokoka, na nilisikia baadaye kwamba aliacha kweli, akarudi kulima vitunguu vyake. Sijui Mungu alifanyaje hesabu ya hiyo. Mimi nilijifanyia yangu, nikasema kama uongo unaokoa watu basi si uongo sana.

Sasa nakuja mahali ambapo kalamu hii inataka kukimbia.

Ilikuwa Kajiado tena, siku ya soko la mifugo. Tulikuwa tumefunga maiki pale wanunuzi wa ng'ombe wanapopita, na watu walikuwa wengi. Nilikuwa nimefika kwenye sahani. Nikainua macho, nikamwona baba yako. Alikuwa amesimama nyuma ya wauza mbuzi, amevaa koti lake la Jumapili, amebana mfuko kwapani. Macho yetu yalikutana. Nilikuwa nimesema, "Akainua sahani ya mwisho..." na hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukohoa, ningeweza kuanzisha wimbo, waimbaji walikuwa hapo pembeni tayari. Niliimaliza ile sentensi, Nekesa. Nilimvunjia sahani mume wangu huku nikimtazama usoni, na watu wakasema haleluya.

Aliningoja mpaka mwisho. Nilipomfikia nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa na majibu ya matusi hayo. Akasema, "Mama Nekesa, habari ya siku nyingi?" Nikasema nzuri. Akatoa sweta langu la kijani kwenye mfuko. "Niliskia huku usiku ni baridi sana." Nikauliza mtoto anaendeleaje. "Alishikwa na surua, lakini ameshapona. Sasa anaimba tu." Ulikuwa umeugua surua na mimi sikujua. Kukhu alikukalia usiku na mchana, na mimi nilikuwa nawaombea watoto wa watu Kiserian. Akatazama spika zetu kidogo, kisha akasema, "Hiyo maiki yenu inakwaruza. Mwambie mwenye kuifunga aangalie waya." Basi. Hilo ndilo lilikuwa neno lake juu ya ushuhuda wangu. Akavuka barabara akangoja gari la kurudi.

Naserian alikuja akaniuliza huyo ni nani. Nikasema ni jirani yetu wa Kitengela. Akalishika lile sweta, akaligeuza akiangalia mshono, akasema, "Jirani mzuri. Ametoka mbali na sweta." Sikuona haya siku hiyo, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote. Nilimkasirikia. Nilikasirika kwamba hakunitukana.

Maneno hayakukaa Kajiado. Mke wa mtu wa kiwandani alinisikia sokoni, akarudi nayo Kitengela yakiwa na sahani na kila kitu. Wazee wa kanisa walimwita baba yako, wakamuuliza. Baadaye kukhu alinitupia usoni alivyojibu: "Kama mama Nekesa amesema, sitamwita mwongo." Wakamwondoa kwenye uzee na kwenye hazina kwa adabu, wakasema apumzike kidogo. Kiwandani wakamwita Chupa. Wapo mpaka leo wazee wanaomwita hivyo stendi, na wewe umekuwa ukiona ni jina lake la dhambi za zamani.

Usidhani nilirudi kwa kutubu. Ningependa uniandikie hivyo kichwani mwako, lakini sikutubu. Dada Priska na msaidizi wake waligombana juu ya nani ataitwa Mama Askofu. Mmoja akachukua hema, mwingine akachukua spika, na sisi wengine tukabaki na miito yetu kando ya barabara ya Namanga. Ilikuwa imepita karibu miaka mitatu. Nilibisha mlango wetu mchana, baba yako akiwa bado na usingizi. Akafungua, akanitazama, akasema, "Karibu. Kuna chai." Wewe ulijificha nyuma ya kukhu ukamuuliza huyu mgeni atalala wapi. Nilipofunua cherehani nikakuta gurudumu linazunguka bila kulia, limetiwa mafuta. Kukhu hakunisalimia. Kesho yake alifunga nguo zake, na akiwa mlangoni akaniambia, "Wewe umempaka mtoto wangu mavi mbele ya watu, na yeye anakuwekea maji ya kuoga." Alitaka kuwaambia wote, kuanzia kanisani. Baba yako akamkataza, akamwapisha. Umeniuliza mara nyingi kwa nini kukhu anapopiga simu hanitaji. Ndiyo hiyo.

Kanisani walitaka mambo yawekwe sawa. Jumapili hiyo mchungaji alitusimamisha mbele, akasema wote wanajua nyumba hii imepitia nini, na leo Bwana amemrudisha dada. Kisha akamwita baba yako atoe neno. Nilijua mwisho wangu umefika. Nilijua atasema ukweli, na nilikuwa nimeshaangalia mlango uko upande gani. Alishika maiki kwa mikono miwili, kwa sababu hakuzoea. Akasema, "Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa mlevi. Sasa siko hivyo. Namshukuru Mungu kwa maombi ya mama Nekesa." Akarudisha maiki.

Aliungama dhambi ambayo hakuifanya ili mimi nipate mahali pa kukaa. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Na mimi nilipiga makofi. Mikono hii inayoandika ndiyo iliyopiga.

Toka siku ile imekuwa hivyo. Kanisa likasema, huyu ndiye wa kusaidia vijana wanaokunywa, na kila Jumatano wanakuja kwake hapa barazani. Mtu ambaye hajui hata chang'aa ina rangi gani. Mwanzoni ilibidi amwendee yule mnywaji Wanyama, muuza nyama wa buchari, amuulize kwa siri kichwa cha asubuhi kinaumaje, ili akiwaambia vijana anaelewa, aelewe kidogo. Wanyama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini vijana wanampenda. Huwa hawahubirii. Huwauliza wamekula, wamelala wapi, mama zao wanajua wako wapi, na kuna walioacha kabisa.

Mimi nikafanywa kiongozi wa akina mama. Wanawake wenye waume walevi kweli walikuja kwangu niwaombee, wakinishika mikono, wakisema nataka imani kama yako. Nikawaombea. Kila mwaka ulivyopita ukweli ulizidi kuwa ghali, na mimi nilizidi kuwa na kitu cha kupoteza. Nilijidanganya kwamba hakuna anayeumia tena.

Halafu nilikuona wewe. Ulikuwa darasa la tatu hivi. Baba yako aliweka kikombe chake cha chai mezani akaenda kunawa, nawe ukakiinua haraka, ukanusa, ukakirudisha. Alikuwa mlangoni, alikuona. Akaja akakaa, akanywa chai yake. Ulifanya hivyo miaka mingi, na yeye alijifunza kuacha kikombe mezani kidogo kabla ya kunywa, ili upate nafasi ya kunusa na kutulia. Ulipokuwa fomu ya pili ukamwambia hutaolewa na mtu kama yeye. Akakujibu, "Utapata mzuri, usijali," akatoka kwenda kuwapa kuku maji. Nami nilikuwa hapo. Nilikuwa natia chumvi kwenye mboga.

Sikuandiki ili usiende. Nenda. Nilikutazama ulipopeleka barua ya kuacha kazi ya ualimu, kazi uliyoihangaikia, na niliona uso wako, na najua mtu aliyeitwa anafananaje kwa sababu niliwahi kujiona kwenye kioo. Sina haki ya kukuambia huo si wito. Lakini nimeishi na wangu muda mrefu, na hiki ndicho ninachokijua. Kuondoka kunauma, na mtu anayeumwa hutafuta wa kulaumu. Ni rahisi sana kuondoka mahali pabaya. Kwa hiyo wengi wetu, tukishaamua kuondoka, tunaanza kupaharibu tulipotoka, kwa maneno kidogo kidogo, mpaka kuondoka kwetu kuonekane ni kutoroka moto. Kosa langu halikuwa kwenda Kajiado. Pengine hata kukuacha ungenisamehe, na pengine hutanisamehe, hilo nakuachia. Kosa langu lilikuwa kutokubali kwamba nimeacha kitu kizuri, na kwamba mwenye kuumiza wengine hapo ni mimi.

Kule Marsabit utaulizwa. Akina mama watakaa chini wakuulize kwenu ni wapi, na kwa nini msichana mwenye kazi na wazazi ameketi kwenye vumbi lao. Waambie kwenu ni Kitengela, na kwamba ulikuwa na baba mzuri aliyekuletea mandazi asubuhi, na ulimwacha kifua kinamkohoza kwa sababu ya simiti aliyokulishia. Wakikuuliza mwenye makosa ni nani, usitafute mtu. Kaa na swali lao. Litakufanya uandike barua nyumbani, na likizo zitakapofika utakuja.

Nimemaliza hiyo sehemu nikamwendea baba yako. Nisingeweza kukupa barua hii kwa mgongo wake, nimemfanyia mambo ya kutosha kwa mgongo wake. Alikuwa anapiga rangi viatu vyako. Nikamwambia kesho kabla hujashuhudia nimeomba dakika chache, na mchungaji anadhani nataka kukubariki, lakini nitasema yote, kuanzia Kiserian. Brashi ikabaki hewani.

"Watakutoa kwa akina mama," akasema.

"Wanitoe."

"Watu watakusema, mama Nekesa. Wewe hujui kusemwa. Mimi nimezoea."

Hapo ndipo nililia, na hakuniambia ninyamaze. Akaendelea na kiatu. Baada ya muda akasema, "Na wale vijana wa Jumatano? Nitawaambia nini? Wanajua nilitoka huko." Nikamwambia sijui. Akafikiri. "Nitawaambia niliwadanganya. Labda wataendelea kuja. Chai watakuwa bado wanataka." Alisema kama mtu anayejiuliza mwenyewe. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Nekesa atajua leo, ama kesho pamoja na watu?"

Nikasema leo, nimekuandikia.

Ameweka kiatu chini. Nekesa, katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona akitetemeka midomo, hata tulipomzika baba yake. Alisema, "Afadhali leo." Ndipo nikaelewa kwamba kanisa alilivumilia, kiwanda alikivumilia, na mimi alinivumilia, lakini miaka hii yote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye alitamani ajue, na hakuthubutu kumwambia kwa sababu angelazimika kumnyang'anya mama yake.

Kesho utakapoitwa, usisimame kabla yangu. Karatasi yako ile ichane, au ibaki nayo, lakini usiisome. Sitakuomba unisamehe kwenye barua, hiyo ingekuwa kukutuma kazi nyingine usiku wa kuondoka. Ukinikasirikia panda gari ukiwa umekasirika, nitakupungia mkono hivyo hivyo.

Amekaa kwenye ngazi za nje sasa, na viatu vyako viko tayari kando yake. Ukimaliza kusoma usije jikoni kwangu. Pita mlango wa mbele.

Mama yako,
Rodah